Vice City Ilivyogoma Gairo: Historia ya Gemu za Zamani Kustaki Kwenye Linux

Leo mastaa tunawaweka pembeni kidogo, watakuwepo tu kesho. Kuna kisa nimekuwa nikikiahidi hapa tangu mwaka juzi na kila nikitaka kukiandika linatokea sekeseke la mjini linakula nafasi. Leo nakiandika hata kama kuna mtu kaachika.

Angalizo mapema: humu sitataja jina la mtu hata mmoja. Wa Gairo siwataji kwa sababu naishi nao na nanunua mboga kwao. Wa Ulaya na Marekani siwataji kwa sababu ni maarufu tayari, ukiwataka utawapata.

Gairo kwa asiyeijua, ni pale ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, umelala kwenye basi, ghafla baridi inaingia dirishani na upepo unataka kukuvua kofia, halafu wauza viazi vitamu wanagombania dirisha lako. Ndiyo hapo. Wilaya tumekuwa mwaka 2012, kabla ya hapo tulikuwa Kilosa. Abiria wanatujua kwa viazi. Hawajui kuwa nyuma ya vile vibanda kuna madogo wanacheza Vice City mpaka mama zao wanakuja na fimbo.

Sasa mwaka 2021 nilikuwa nimemaliza form four muda tu, sina ramani, naishi kwa kutengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Mtaani kwetu kuna mama anauza chipsi, tumuite Mama Gemu, maana hata watoto walishaanza kumuita hivyo. Alichukua mkopo wa vikoba akanunua kompyuta nne za mezani za mtumba, akaziweka chumba cha nyuma ya kibanda. Nusu saa mia tano. Jirani yake alikuwa na PlayStation za mpira, kwa hiyo yeye akasema atakuwa na kitu ambacho jirani hana, yaani Vice City kwa vijana, na zile gemu za kizamani kama Dave kwa watoto wadogo. Nakala zilitoka wapi? Usiniulize, mimi nilizikuta.

Kijana mmoja alizipiga Linux zote nne, akasema Windows itakufa kwa virusi vya flashi za wateja ndani ya wiki. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Akalipwa, akapanda gari, akaondoka.

Tatizo lilianza siku ileile. Mashine namba moja na namba mbili zilikuwa zinatembea kama zimepakwa mafuta. Namba tatu na nne, daah. Unabonyeza kwenda mbele, jamaa anatembea kama yuko kwenye matope. Unageuza kamera, picha inakuja baadaye kama mkopo wa serikali. Na mashine zote nne zilikuwa pacha: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, RAM 4 GB, hakuna kadi ya grafiksi ya pembeni. Nilizifungua kuhakikisha. Hakuna tofauti.

Wateja wakawa wanagombania namba moja na mbili. Wengine wanakaa foleni, wakichoka wanavuka kwa jirani. Tatu na nne zikawa sehemu ya kuwekea ndoo ya mafuta ya chipsi. Na marejesho ya vikoba hayasubiri gemu ziwe nyepesi, kila Jumamosi unaitwa jina lako mbele ya wenzako. Wakaanza na maneno, eti jirani kamtupia kitu. Mama mwenyewe hakuamini hayo, aliamini kauziwa mbovu. Akapata mtu wa vyuma chakavu na spea, akakubali kumpa zile mbili kwa bei ambayo nikiitaja utalia. Jamaa akasema atakuja kesho asubuhi.

Nikaenda jioni ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kula au kucheza?"

"Nimekuja kuomba hizo mashine usiku mmoja. Zikishindikana kesho mpe tu."

Akaniangalia, akanipa ufunguo na sahani ya chipsi kavu. Nikajifungia.

Tuanze na kitu ambacho kilinitoa usingizi. Vice City ya kompyuta ilitoka 2003. Kwenye boksi lake ilidai prosesa ya 800 MHz, RAM 128 MB na kadi ya grafiksi yenye 32 MB. Basi. Mashine ya Mama Gemu ilikuwa na RAM mara 32 ya hiyo na prosesa yenye viini vinne. Halafu mitandaoni kila ukiuliza "gemu ya zamani inastaki Linux", mtu wa kwanza anakujibu ongeza RAM. Wa pili anakwambia rudi Windows. Kama mashine pacha yake inacheza freshi na ina RAM ileile na Linux ileile, RAM inahusikaje? Hapo nikajua mashine siyo mbovu, kuna mtu ndani anafanya kazi isiyo yake. Kumjua huyo mtu ikabidi nirudi nyuma mpaka mwaka 1993, na huo ndio mwaka nataka tukae nao kidogo.

MWAKA 1993

Mwaka huo huku kwetu Tanzania Bara hapakuwa na kituo cha televisheni. ITV ilikuja 1994. Kompyuta ndiyo usiseme. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, halafu mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza, na ilichukua miaka masharti yale kulegea. Wazee wetu waliozaliwa miaka hiyo wengi wameshika mausi wakiwa watu wazima. Ndiyo maana hata leo tunachopata mara nyingi ni mashine ambayo ofisi fulani ya nje imeshaichoka. Sisemi kwa kulalamika, nasema kwa sababu inahusiana na kisa. Sisi ndio tunaobaki na mashine baada ya waliozitengeneza kuacha kuzifikiria.

Huko kwingine 1993 ilikuwa balaa. Linux yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu. Mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Finland, wa miaka 21, aliitangaza Agosti 1991 akiwaambia watu kuwa ni kitu cha kujifurahisha tu. Na ndani ya huo mwaka mmoja wa 1993 vikaanza vitu vitatu ambavyo vyote vilikuwa ndani ya chumba kile cha Gairo usiku ule.

Cha kwanza ni Wine. Hii ni programu inayoifanya programu ya Windows ifanye kazi ndani ya Linux. Windows halisi haimo humo, Wine inapokea maombi ya gemu na kuyatafsiri ili Linux iyaelewe. Ilianzishwa 1993 kwa ajili ya programu za Windows 3.1. Unajua toleo lake la 1.0 lilitoka lini? Juni 2008. Miaka 15! Mtoto aliyezaliwa siku ilipoanza alikuwa sekondari ilipofika namba moja. Vice City ya Mama Gemu ilikuwa inapita kwa Wine.

Cha pili ni Mesa. Jamaa mmoja wa Wisconsin, Marekani, Agosti mwaka huo alianza kwa muda wake wa ziada kuandika programu ya kuchora picha za pande tatu kwa kufuata OpenGL, yaani lugha ambayo gemu inatumia kuagiza picha. Wenye OpenGL walikuwa wanauza mashine za bei ya nyumba. Yeye hakuwa na mashine hiyo, kwa hiyo programu yake ilichora kila kitu kwa kutumia prosesa ya kawaida. Akaiachia bure mwaka 1995. Leo hii karibu kila Linux inayotumia chipu ya grafiksi ya Intel au AMD inapita kwa Mesa.

Cha tatu ni Doom, ilitoka tarehe 10 Desemba 1993. Mwaka uliofuata mfanyakazi mmoja wa kampuni iliyoitengeneza akaileta Linux, kisa anaipenda Linux tu. Doom ilikuwa inachorwa na prosesa mwanzo mwisho. Na iliwezekana, kwa sababu skrini yake ilikuwa nukta 320 kwa 200, yaani nukta 64,000 kwa kila picha.

Umeona eeh? Mwaka 1993 prosesa kuchora gemu ilikuwa kazi ya kawaida. Mambo yalibadilika 1996, kadi za 3dfx Voodoo zilipoingia sokoni. Kuanzia hapo watengeneza gemu wakaanza kuigawa kazi: prosesa ifikirie nani anapigwa risasi na gari linaenda wapi, kadi ichore. Prosesa ni kama baunsa mmoja mwenye nguvu za ajabu. Grafiksi ni kama kijiji kizima kimekuja shambani na majembe. Mmoja mmoja ni dhaifu, lakini ekari zinaisha kabla ya uji kupoa. Vice City imeandikwa na watu waliojua kijiji kitakuwepo.

Sasa skrini ya namba tatu ilikuwa nukta 1024 kwa 768. Hizo ni nukta 786,432 kwa picha moja, zaidi ya mara 12 ya Doom. Ukitaka picha 30 kwa sekunde, unaongelea nukta zaidi ya milioni 23 kila sekunde, na nyingi zinapakwa rangi zaidi ya mara moja kwa sababu gari liko mbele ya nyumba na nyumba iko mbele ya anga. Mpe kazi hiyo baunsa peke yake.

Na hicho ndicho kilichokuwa kinatokea.

KIMYA KIMYA

Linux ina tabia moja ambayo ni nzuri na ni mbaya. Ikishindwa kuipata chipu ya grafiksi, haikatai kuwaka. Mesa bado imebeba ile njia yake ya zamani ya kuchora kwa prosesa, siku hizi inaitwa llvmpipe, kama tairi la spea. Kwa hiyo desktop inafunguka, muziki unapiga, unaandika barua, kila kitu sawa. Haitoi kengele, haiandiki popote mbele yako kwamba mzee, leo unatembelea spea. Unakuja kugundua siku ukifungua gemu. Na kwa kuwa gemu inafunguka, unailaumu gemu, au mashine, au jirani.

Kuna amri moja ya kumkamata. Unafungua terminali unaandika:

glxinfo | grep renderer

Ikikataa, unaweka kwanza kifurushi cha mesa-utils. Kwenye namba moja nikapata jina la Intel. Kwenye namba mbili, Intel. Kwenye namba tatu: llvmpipe. Namba nne: llvmpipe. Nilisimama peke yangu chumbani nikacheka kama chizi, saa sita usiku, upepo unapiga bati nje.

Lakini kumjua mwizi na kujua kaingilia wapi ni vitu viwili. Nikarudi kuangalia kitu ambacho kila mteja alikiona na hakuna aliyekijali, mimi nikiwemo. Picha za tatu na nne zilikuwa zimevutika. Sura za watu pana, maandishi manene. Skrini zake zilikuwa pana lakini mashine ilikuwa imeng'ang'ania 1024 kwa 768 na kwenye mipangilio hakuna chaguo lingine. Hiyo ni dalili kubwa sana, ishike. Mashine isiyoruhusu kubadilisha ukubwa wa skrini mara nyingi haiijui chipu yake.

Nikaandika amri nyingine, cat /proc/cmdline, inayoonyesha Linux iliwashwa kwa maagizo gani. Mwishoni pale kulikuwa na neno moja: nomodeset.

Hili neno nalo lina historia yake. Zamani kazi ya kuweka ukubwa wa skrini ilifanywa na programu ya juu juu. Kuanzia 2009 kazi hiyo ikaanza kuhamishiwa ndani kabisa kwenye moyo wa Linux, na Intel walikuwa wa kwanza. Ilileta uzuri mwingi, ila kwa baadhi ya skrini na kadi ukiwasha unakuta giza tupu. Ndipo nomodeset inapotumika, kuiambia Linux isiguse hayo mambo, iwashe tu kwa njia ya tahadhari. Diski za kuinstolia Linux huwa na chaguo la namna hiyo kwenye menyu ya mwanzo kwa ajili ya mtu ambaye skrini yake imekuwa nyeusi. Ni ya kukuvusha tu. Ukishamaliza kuinstoli unatakiwa uitoe, kwa sababu ikibaki, draiva ya Intel haipandi, na draiva isipopanda chipu ya grafiksi inakaa ndani ya mashine kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha chakula.

Nikaelewa siku ile ilivyokwenda. Skrini za tatu na nne zilikuwa za aina nyingine. Jamaa akaweka diski, giza. Akachagua njia ya tahadhari, ikakubali, akashukuru Mungu, akamaliza, akakimbilia gari lake. Simlaumu sana. Mimi nimeshawahi kurudisha simu ya mtu na skrubu mbili zimebaki mkononi.

Dawa yake ilikuwa mistari miwili. Unafungua faili la /etc/default/grub kwa sudo nano, unafuta hilo neno, unasevu, halafu sudo update-grub, unawasha upya. Niliogopa giza. Lile giza halikuja, maana nilikuwa nimeazima waya wa skrini wa namba moja. Baadaye niligundua waya wa zamani wa namba tatu ulikuwa na pini imepinda. Kwa hiyo hata ile skrini nyeusi ya mwanzo sina uhakika ilikuwa kosa la Linux. Huenda ni pini tu.

Ikawaka. Skrini ikajaa vizuri, sura za watu zikarudi kuwa sura za watu. Nikafungua Vice City. Nikaiba pikipiki. Wadau, ile pikipiki ilikimbia mpaka nikaigonga ukutani kwa kuwa nilizoea ile ya kwenye matope.

Asubuhi yule wa vyuma chakavu alikuja na mkokoteni. Akakuta madogo wanne wamekaa kwenye mashine nne, na wengine wawili wamesimama nyuma wanahesabu dakika. Mama Gemu akamuuliza kama anakunywa chai.

TUNGEKUWA TUMECHELEWA

Hii sehemu niliijua baadaye nikiwa nasoma soma, na ndiyo inayonifanya nione kisa hiki si cha kompyuta mbili tu.

Vice City ni gemu ya biti 32. Karibu gemu zote za Windows za enzi zile ziko hivyo. Linux za sasa ni za biti 64. Ili gemu ya biti 32 ichorwe na grafiksi kwa Wine ya kawaida, draiva ya biti 64 haitoshi, inatakiwa na pacha wake wa biti 32. Pacha asipokuwepo, gemu ama inakataa kufunguka ama inaangukia kwa baunsa. Kwa hiyo kama glxinfo yako inakuonyesha Intel au AMD au NVIDIA lakini gemu ya kizamani bado inasota, pacha ndiye mtu wa kumtafuta, hasa kwa wenye draiva ya NVIDIA yenyewe.

Sasa sikia. Tarehe 18 Juni 2019, kampuni ya London inayotengeneza Ubuntu, ambayo mwanzilishi wake ni tajiri wa Afrika Kusini na jina lake mwenyewe ni neno la Kibantu lenye maana ya utu, ilitangaza kuwa kuanzia toleo la 19.10 itaacha vifurushi vya biti 32. Sababu zao zilikuwa na mantiki: hakuna anayetengeneza kompyuta mpya za aina hiyo, na kuvitunza ni kazi. Lakini hawakuwa wamepima vizuri gemu. Watu wa Wine wakalalamika. Mtu mmoja wa Valve, wenye Steam, akatangaza kuwa toleo hilo hawataliunga mkono. Moto ukawaka, na tarehe 24 Juni kampuni ikarudi nyuma, ikasema vifurushi muhimu vya biti 32 vitabaki.

Siku sita. Hapo Gairo hakuna aliyejua kuwa kuna kikao. Linux aliyotuwekea yule kijana ilikuwa imejengwa juu ya Ubuntu. Wangeshikilia msimamo wao, mimi 2021 ningefuta nomodeset, ningepata Intel kwenye renderer, na bado Vice City ingebaki kwenye matope mpaka nijifunze Linux nyingine ya kuziwekea mashine zote nne, na usiku mmoja nilioombewa ufunguo usingetosha. Mkokoteni ungekuwa umeshaondoka.

Na haijaisha. Juni 2025 ndugu zao wa Fedora nao walipata pendekezo kama hilo, likapigiwa kelele, likaondolewa ndani ya siku chache. Wine wenyewe wameshaanza kutafuta mlango wa dharura: toleo la 9.0 la Januari 2024 lilileta njia ya kuendesha gemu za biti 32 bila pacha kabisa, ingawa mwanzoni lilikuja na upungufu kwenye kasi ya OpenGL. Yaani palepale kwenye kidonda chetu.

Tukiwa hapo kwenye ushauri wa mitandaoni, niwatahadharishe na DXVK. Ni kitu kizuri kinoma. Kuna Mjerumani alikiandika kwa sababu alitaka kucheza gemu moja tu kwenye Linux, Valve wakampa kazi mwaka 2018, na ndicho kinachobeba gemu nyingi za Windows kwenye Steam Deck leo. Lakini kinatumia Vulkan, na chipu ya Intel ya 2011 Vulkan haiijui. Ukilazimisha, gemu inaweza kugoma kabisa au, mbaya zaidi, ikapata Vulkan ya bandia inayochorwa na prosesa, ukarudi ulikotoka. Kwa mashine za zamani acha Wine itumie OpenGL yake ya kawaida. Siyo kila dawa ya mgonjwa wa Ulaya ni ya mgonjwa wako.

Wa NVIDIA mna kesi yenu. Yule mwanafunzi wa Helsinki akiwa ameshakuwa mkubwa, mwaka 2012 kwenye Chuo Kikuu cha Aalto huko kwao Finland, aliulizwa kuhusu kampuni hiyo akainyooshea kidole cha kati mbele ya kamera. Video ipo. Sababu ilikuwa kutoshirikiana kwenye madraiva. Watu wa kujitolea walikuwa wameandika draiva yao, nouveau, kwa kuchunguza kadi bila maelezo ya mwenye kadi. Inafanya kazi, ila kadi nyingi chini yake zimebaki na mwendo ule wa kuwashia, kama gari lililokwama gia namba moja. Ukiona neno nouveau na gemu inasota, jaribu draiva ya kampuni.

Na Dave je, ile ya watoto wadogo? Ile ilikuwa na tatizo la kinyume. Gemu za DOS za enzi zile, nyingine zilipimwa mwendo wake na prosesa yenyewe. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya 1981 ilikuwa 4.77 MHz, sasa mpe gemu yake mashine ya leo. Ndiyo maana tunapita kwa DOSBox, ambayo inajifanya prosesa ya zamani na ina kipimo kinaitwa cycles. Ikisuasua unabonyeza Ctrl na F12 kuongeza, ikikimbia kupita kiasi Ctrl na F11 kupunguza. Watoto wa Gairo waligundua hilo kabla yangu. Wakubwa walikuwa wanawawekea wadogo Dave inayoruka kama panzi halafu wanawacheka.

NAMBA NNE

Wiki tatu baadaye nikaitwa tena. Namba nne imerudi kwenye tabia yake. Roho ikashuka. Nikapiga glxinfo, Intel. Hakuna nomodeset. Pacha yupo. Nikakaa nikacheza mwenyewe, na hapo nikaona: dakika kumi za kwanza inatembea vizuri, baada ya hapo inaanza kukata pumzi. Ukiizima ukanywa maji ukarudi, inakuwa sawa tena. Ugonjwa wa kuja na kuondoka namna hiyo ni joto.

Nikaweka lm-sensors, nikaandika sensors, nikaona nyuzi zinapanda kuelekea 90 na kitu. Prosesa ikifika huko inajipunguza mwendo ili isiungue. Namba nne ndiyo ilikuwa karibu na mlango. Wa Gairo wanajua kiangazi chetu, ule upepo haupulizi peke yake, unakuja na shamba la mtu. Nikafungua feni ya prosesa. Palikuwa na vumbi limeshikana na moshi wa mafuta ya chipsi mpaka limekuwa kama blanketi, hewa haipiti hata kidogo. Nililitoa kwa mswaki, nikabadilisha ile dawa nyeupe ya juu ya prosesa, nikaihamisha mashine mbali na mlango.

Mama Gemu alimaliza mkopo ule, akachukua mwingine. Jirani wa PlayStation siku hizi anakuja kuomba ushauri. Na kila Jumapili kabla ya kufungua, dogo mmoja anapewa nusu saa ya bure ili apulize feni za mashine zote nne kwa pampu ya baiskeli.

Kama una mashine inayokusumbua, weka kwenye komenti ule mstari wa renderer na mwaka wa prosesa yako. Usiniandikie "inastaki" peke yake, hiyo hata yule wa mkokoteni alikuwa anaijua.